Gari Linapozima Lenyewe, Je, Injini Inakwisha?

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni la gari. Labda utasema, "Mimi sina gari. Hayo yananihusu nini?" Subiri kidogo. Ndizi zako zinakwenda sokoni kwa gari. Mgonjwa wako anapelekwa Igogwe au Makandana kwa gari. Na siku hizi vikundi vya vijijini navyo vinanunua gari kwa fedha za hisa. Gari hilo likifa kwa sababu ya kutojua, anayelia ni mwanakijiji. Basi tusome pamoja.

Tuchukue mfano. Tuseme kipo kikundi cha akina mama katika vilima vya Rungwe. Wameweka hisa kwa miaka mingi, shilingi kwa shilingi. Mwisho wakachukua na mkopo juu yake, wakanunua gari dogo la petroli lililotumika Japani. Asubuhi gari linapeleka maziwa Tukuyu. Mchana linabeba ndizi na parachichi. Jioni linarudi na abiria.

Siku ya kwanza furaha ilikuwa kubwa. Siku ya pili ikaja shaka. Gari lilikuwa linaingia Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya Tukuyu. Dereva akasimama ili wanafunzi wavuke barabara. Mara injini ikanyamaza, kimya kabisa.

"Limezima!" abiria wakasema.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma akaanza kukunja kanga yake. "Haya, shukeni tusukume," akasema.

Dereva akacheka. "Kaa tu, bibi. Limezima lenyewe, na litawaka lenyewe."

Wanafunzi wakavuka. Dereva akaondoa mguu kwenye breki, injini ikanguruma, gari likaenda. Lakini bibi hakuridhika. "Mjukuu wangu," akasema, "kitu kinachokufa na kufufuka kila kona hakifiki mbali. Hilo gari litatumaliza, na mkopo bado."

Neno la bibi likaenea. Kwenye mkutano wa kikundi wengine wakasema gari liuzwe mapema, hata kwa hasara. Wengine wakasema liachwe. Hakuna aliyejua kwa hakika. Mwisho mwenyekiti akasema, "Mali ni yetu na deni ni letu. Kabla ya kuuza, tuulize. Tujue kwanza."

Hilo ndilo swali letu la leo. Je, gari linalozima na kuwaka lenyewe huchakaza injini?

Jambo hili lilitoka wapi?

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Nchi yetu nayo iliumia. Watu wengi wakaanza kufikiri namna ya kubana mafuta. Mwaka 1974, huko Japani, kampuni ya Toyota ilifunga kifaa maalumu kwenye gari lake aina ya Crown. Gari likisimama zaidi ya sekunde moja na nusu, kifaa kinazima injini. Katika majaribio kwenye msongamano wa magari wa mji wa Tokyo, nafuu ya mafuta ilikuwa karibu asilimia 10. Yaani pale ulipokuwa unatumia lita 10, ilibaki karibu lita 1.

Baadaye kampuni nyingi zikafuata. Mwaka 2009 kampuni ya Mazda ilianza kuuza gari ambalo injini yake inarudi kuwaka kwa muda wa karibu theluthi moja ya sekunde. Hata kupepesa jicho ni muda kama huo. Katika miaka ya 2010 magari mengi madogo ya Japani na ya Ulaya yalitengenezwa hivyo. Magari hayo yakishatumika kwao, mengine huletwa kwetu. Ndiyo maana leo unayaona mpaka Kiwira na Tukuyu.

Kuyatambua siyo kazi. Karibu na usukani, au mahali pengine mbele ya dereva, kuna kitufe kidogo. Mara nyingi kina picha ya herufi A iliyozungukwa na mshale. Ukikibonyeza, taa inawaka, na gari haliendelei kuzima lenyewe. Katika magari mengi, ukizima kwa ufunguo na kuwasha tena, kazi ile inarudi kama mwanzo.

Ndani ya injini kuna nini?

Ili kujibu swali la bibi, lazima tuingie ndani ya injini.

Wewe unajua njia zetu wakati wa masika. Udongo mwekundu umelowa. Ukitembea na viatu laini, mguu unateleza. Kwa nini? Kwa sababu kati ya kiatu na ardhi ngumu kuna utando wa maji na tope. Kiatu hakigusi chini sawasawa. Kinaelea.

Kwako wewe, kuteleza ni hasara. Utaanguka na ndizi zako. Lakini ndani ya injini, kuteleza ndiko kunakotakiwa. Kuna chuma kimoja kizito kinaitwa krenki. Pistoni zinapanda na kushuka, na krenki inazunguka. Hii ndiyo nguvu inayopelekwa mpaka kwenye magurudumu. Krenki inalaliwa na beringi. Hizi siyo zile beringi zenye gololi, kama za baiskeli. Hizi ni vipande vya duara nusu, laini, vinavyokumbatia krenki kama viganja viwili.

Kati ya krenki na beringi kuna nafasi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele. Katika nafasi hiyo inapita oili. Krenki ikizunguka kwa kasi, inajivutia oili chini yake, inaelea juu ya utando wa oili. Chuma hakigusi chuma. Na pasipogusana, hapaliki.

Jaribuni hili darasani. Sugueni viganja vikiwa vikavu, kwa nguvu. Vinapata moto. Sasa tieni mafuta kidogo, msugue tena. Mmeona? Basi mmekwisha kuelewa kazi ya oili.

Sasa injini ikizimwa, krenki inasimama. Ikisimama haielei tena. Inashuka taratibu na kukaa juu ya beringi. Ukiwasha, kwa muda mfupi sana wa kwanza chuma kinagusa beringi, mpaka krenki ipate kasi na kuelea tena. Muda huo mfupi ndio wa kuchakaa.

Kwa hiyo bibi hakusema upuuzi. Ni kweli kwamba injini huchakaa zaidi inapowashwa kuliko inapokimbia. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Tusome nusu ya pili.

Asubuhi siyo sawa na mchana

Kuna kuwasha kwa namna mbili. Kuna kuwasha injini baridi, na kuna kuwasha injini moto.

Fikiri asubuhi ya mwezi wa saba, Tukuyu. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mlima Rungwe uko juu yetu. Baridi inauma. Gari limelala nje usiku kucha. Oili yote imeteremka chini kwenye sampu, na kwa baridi imekuwa nzito kama uji uliopoa. Unawasha. Pampu inahangaika kuivuta oili ile nzito kuipandisha juu. Tena wakati wa baridi injini inapewa petroli nyingi zaidi ili iwake. Petroli nyingine haiungui. Inaosha oili iliyokuwa kwenye kuta za silinda. Hapo ndipo injini inapoumia.

Sasa fikiri mchana wa siku hiyohiyo. Injini ni ya moto. Gari limesimama ili wanafunzi wavuke. Injini imezima kwa sekunde 20. Je, oili imekwenda wapi? Haijakwenda popote. Bado imejaa kwenye nafasi za beringi. Bado imelowanisha pistoni. Ni nyepesi, inapita upesi. Injini ikiwaka tena, oili ipo palepale. Uchakavu ni mdogo sana kuliko ule wa asubuhi.

Ni kama jiko la mkaa. Asubuhi unahangaika na vibiriti, karatasi na moshi. Mchana makaa bado yana moto chini ya majivu. Unapepea mara mbili tu, sufuria inachemka.

Na hapa kuna jambo kubwa. Magari haya yana kompyuta ndogo. Kompyuta haikubali kuzima injini ikiwa bado baridi. Haikubali kama betri imechoka. Magari mengi hayakubali kama dereva hakufunga mkanda, au mlango uko wazi. Mengi pia yanakataa kuzima kwenye mlima mkali. Kwa hiyo ukiona gari lako leo halizimi lenyewe, usikimbilie kusema limeharibika. Huenda linakataa kwa sababu nzuri.

Tufanye hesabu

Wanakikundi, chukueni kalamu.

Tuseme gari la kawaida linawashwa mara 6 kwa siku. Kwa mwaka ni:
6 x 365 = 2,190.
Kwa miaka 10 ni:
2,190 x 10 = 21,900.

Tuseme gari linalozima lenyewe linawaka mara 60 kwa siku. Kwa mwaka ni:
60 x 365 = 21,900.

Mmeona? Mara ambazo gari la kawaida linawaka kwa miaka 10, hili linawaka kwa mwaka 1 tu. Kwa hesabu hii bibi anaonekana ameshinda.

Lakini tuulize swali jingine. Katika mara hizo 60, ni mara ngapi injini ilikuwa baridi? Ni asubuhi tu, na labda mara moja tena kama gari limekaa muda mrefu. Kwenye gari la kawaida ni vivyo hivyo. Kuwasha kwa baridi, kunakoumiza, hakukuongezeka hata mara moja. Kulikoongezeka ni kuwasha kwa moto.

Waliotengeneza walibadilisha nini?

Hata hivyo, mara 60 kwa siku ni nyingi. Mtu akipiga mlango mara 60 kwa siku, bawaba za kawaida zitalegea. Basi anayejua mlango wake utapigwa sana, huweka bawaba imara. Watengenezaji wa magari wamefanya hivyo. Vitu vitatu vimebadilishwa.

Kwanza ni beringi za krenki. Injini ya kawaida hutengenezwa ikitazamiwa kuwashwa mara elfu kumi kadhaa katika maisha yake. Injini za namna hii hutazamiwa kuwashwa mara laki kadhaa. Kwa hiyo viwanda vimetengeneza beringi zilizopakwa utando mgumu, unaovumilia pale chuma kinapogusa kabla oili haijashika. Beringi kama hizo hutumika kwenye injini nyingi za namna hii.

Pili ni stata. Stata ndiyo mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Ya kawaida ingekwisha upesi. Hii ina meno na vipande vya ndani vyenye nguvu zaidi.

Tatu ni betri. Betri hii haifanani na ile ya kawaida, ingawa kwa macho zinafanana sana. Injini ikizima, taa, feni na redio vinaendelea kula umeme wa betri. Halafu betri haohao wanaitaka iwashe injini, tena na tena. Betri ya kawaida haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ukiifunga kwenye gari hili na ukaacha gari liendelee kuzima lenyewe, itakufa mapema.

Kwa hiyo jibu letu sasa ni hili. Gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo, likipewa oili sahihi na betri sahihi, halimalizwi na kuzima na kuwaka. Lakini angalieni sana maneno haya: oili sahihi na betri sahihi. Hapo ndipo vikundi vingi vinaweza kupoteza gari.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni oili. Sisi tumezoea oili nzito. Kwa injini ya zamani ilikuwa sawa. Lakini injini nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa nafasi nyembamba sana, na zinataka oili nyepesi. Soma maandishi kwenye kifuniko cha oili juu ya injini, au kwenye kitabu cha gari. Wewe umejua kusoma, basi usikubali kusomewa. Ukiona 0W-20 au 5W-30, maana yake ni hii: namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyopita wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, oili inapita upesi asubuhi. Namba ya baada ya W inaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Ukiweka oili nzito mno, asubuhi ya Tukuyu itachelewa kufika juu, na chuma kitasuguana na chuma.

Tena badilisha oili kwa wakati. Oili chakavu imejaa uchafu na nguvu zake zimekwisha. Utando wake unakatika. Hapo kila kuwasha kunaumiza kweli. Angalia kijiti cha oili kila wiki, gari likiwa mahali pa tambarare. Hilo linachukua dakika 2. Kutengeneza injini upya kunachukua mkopo mwingine.

Kosa la pili ni betri. Betri ikifa, dukani utaambiwa, "Chukua hii, ukubwa ni uleule." Usikubali upesi. Soma maandishi ya betri ya zamani. Kwenye magari ya Japani, betri za kazi hii huandikwa herufi moja na namba, kama M-42, N-55, Q-85 au S-95. Ziandike kwenye daftari kabla ya kwenda dukani. Kama fedha hazitoshi, na ukalazimika kufunga ya kawaida, basi dereva abonyeze kile kitufe kila safari, ili gari lisizime lenyewe.

Kosa la tatu ni kukanyaga mafuta kwa nguvu asubuhi. Dereva anawasha, mara moja anakanyaga ili injini "iamke". Huo ni ukatili. Oili bado haijafika. Washa, ngoja nusu dakika, ondoka polepole. Injini itapata moto njiani.

Kosa la nne ni la hatari kwa watu. Gari limezima lenyewe, limenyamaza. Dereva anadhani limezimwa. Anashuka, anafungua boneti, anaingiza mkono. Gari hilo halijalala. Linaweza kuwaka wakati wowote, na feni ikakata vidole. Kabla ya kushuka weka hendibreki, zima kwa ufunguo au kitufe cha kuzimia. Na watoto wasikae mbele ya gari eti kwa sababu liko kimya.

Usizime mteremkoni

Hapa, ndugu msomaji, soma mara mbili.

Madereva wengine wakisikia kwamba kuzima injini kunabana mafuta, wanafikiri, "Basi nami nitazima mteremkoni." Barabara yetu ni ya milima. Kutoka Tukuyu hadi Ziwa Nyasa unateremka karibu mita 1,000. Dereva anazima injini, au anaweka gia huru, na gari linaserereka lenyewe. Anaona amepata faida.

Hiyo siyo faida. Ni kaburi. Katika magari mengi, breki inasaidiwa na injini. Injini ikizima, msaada unabaki kidogo tu. Ukikanyaga mara moja, mara mbili, umekwisha. Mara ya tatu pedeli ni ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Ukichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga kabisa, na kona iko mbele yako. Na kwa kuwa hakuna gia ya kulishika gari, breki zinafanya kazi peke yake, zinapata moto, zinaacha kushika.

Kuzima kwenyewe kunakofanywa na gari ni kitu kingine kabisa. Gari linazima likiwa limesimama, au likiwa mwendo wa polepole sana karibu na kusimama. Kompyuta inaangalia nguvu ya breki. Ikiona inapungua, inawasha injini yenyewe. Dereva anayezima kwa mkono mteremkoni hana mlinzi huyo.

Tena hata mafuta habani. Injini za kisasa zenye kompyuta, gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu umetolewa kwenye mafuta, zinakata petroli zenyewe. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kwa hiyo njia ya kubana mafuta mteremkoni ndiyo ileile njia ya usalama: weka gia ndogo, acha injini ikushikie gari. Abiria mwenzangu, ukisikia dereva amezima injini mteremkoni, usinyamaze. Mwambie, "Mwanangu, washa. Tuna watoto nyumbani."

Na magari ya dizeli?

Malori na mabasi mengi ya dizeli yana tabo. Tabo ni kama feni ndogo inayosukuma hewa nyingi kwenye injini. Inazunguka kwa kasi kubwa mno, na inapata moto mkali. Nayo inalainishwa na oili ileile ya injini. Gari likipanda kutoka Kyela na mzigo, likafika Tukuyu, tabo ni ya moto sana. Ukizima hapohapo, oili inasimama na inaungua ndani ya tabo. Basi liache lingurume dakika 1 au 2, halafu zima. Hapa desturi ya madereva wetu wa zamani ni nzuri. Tuishike.

Lakini kuliacha gari lingurume nusu saa stendi kwa kungoja abiria, hiyo siyo desturi nzuri. Ni kuchoma fedha. Gari lo lote, la zamani au jipya, likisimama zaidi ya dakika 1 au 2 likiwa na injini moto, ni heri kulizima. Ila kwenye foleni ya kwenda na kusimama, gari la kawaida lisizimwe kwa ufunguo kila mara. Stata yake na betri yake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Je, huku kwetu lina faida?

Tuseme ukweli. Gari hili lilitengenezwa kwa miji yenye taa nyingi za barabarani na foleni ndefu. Mtu wa Dar es Salaam ataona faida. Huku kwetu gari linasimama mara chache.

Tufanye hesabu tena. Tuseme injini ndogo ikinguruma bila kwenda inakula lita 0.6 kwa saa. Tuseme gari la kikundi linasimama njiani dakika 10 kwa siku. Hiyo ni lita 0.1. Kwa siku 26 za kazi ni lita 2.6. Zidisheni kwa bei ya petroli ya mwezi huu iliyotangazwa na EWURA. Hiyo ndiyo akiba yenu ya mwezi. Halafu ulizeni bei ya betri maalumu na bei ya betri ya kawaida. Linganisheni. Kikundi kingine kitaona ni afadhali kubonyeza kitufe na kuendesha kama zamani. Siyo kosa. Hakuna dhambi ya kubonyeza kitufe. Kosa ni kuuza gari zima kwa kuogopa kitufe.

Kikundi chetu kiliamua nini?

Tumalize mfano wetu. Akina mama walimwita fundi kwenye mkutano. Fundi akafungua boneti, akawaonyesha kifuniko cha oili na maandishi ya betri. Katibu akaandika yote kwenye daftari. Bibi yule alikuwepo, na ndiye aliyeuliza sana.

"Kwa hiyo, fundi," akasema, "halifi kila kona?"

"Halifi, bibi. Linapumzika."

"Na mimi nilidhani limeugua." Wote wakacheka.

Wakakata shauri. Gari halitauzwa. Oili itabadilishwa kwa wakati, na tarehe itaandikwa. Betri itakaguliwa kila miezi mitatu. Na dereva akizima injini mteremkoni hata mara moja, atatoa ufunguo mezani.

Bibi akanyoosha mkono mara ya mwisho. "Na daftari hilo la oili," akasema, "nitalisoma mimi mwenyewe. Nimejifunza kusoma uzeeni. Sasa nipate cha kusoma."

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini kuwasha injini baridi kunaumiza kuliko kuwasha injini moto?
2. Taja vitu vitatu vilivyobadilishwa kwenye gari linalozima lenyewe.
3. Dereva amezima injini mteremkoni. Eleza hatari zake kwa abiria.
4. Gari linasimama dakika 30 kwa siku. Injini inakula lita 0.6 kwa saa. Kwa siku 26 ni lita ngapi? Zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huu.
5. Kama kijiji chenu kina gari au mashine ya kusaga, nani anaangalia oili? Je, anaandika tarehe? Kama haandiki, anzeni wiki hii.